Nani Alisema Breki ya Rimu Ilishindwa?

Taja breki ya rimu ya haidroliki mbele ya wasee wanaojua baiskeli, na jibu litakuja kabla hujamaliza sentensi: "Si siku hizi kuna diski?" Mjadala umekwisha hapo. Diski ilikuja, ikashinda, na kila kilichokuwepo kabla yake ni kama redio ya mbao ya babu. Inafaa picha, haifai kazi.

Mimi nalipinga jibu hilo. Si kwamba napenda vitu vya kale. Diski ni breki nzuri, na ukinipa baiskeli ya kushuka nayo Ngong wakati wa mvua nitachagua diski bila kufikiria mara mbili. Shida yangu ni ile hesabu iliyojificha ndani ya jibu: kwamba kitu kikitoweka sokoni, basi lazima kilikuwa kibaya. Hesabu hiyo ni ya uongo, na sisi tunaoishi Nairobi tunailipia kila siku. Nitafika huko. Kwanza tuongee kuhusu breki yenyewe.

Kuna mchezo unaitwa traiali. Unapanda baiskeli na kupita juu ya mawe, magogo, kuta na mapipa bila kuweka mguu chini. Mguu ukigusa ardhi, unaandikiwa adhabu. Ulianzia kwa pikipiki, kisha ukahamia baiskeli kule Catalonia, Hispania, ambapo Pere Pi, mtu wa pikipiki za Montesa, alimtengenezea mwanawe Ot baiskeli ndogo ya kufanya yale yale bila injini. Wakauita trialsín, yaani traiali isiyo na mota. Kampuni ya Monty ilizaliwa kutokana na kazi hiyo mwaka 1983, na kufikia 1986 shirikisho la baiskeli duniani, UCI, lilikuwa na mashindano ya dunia ya mchezo huu. Ukitaka kuuona kwa sura ya mjini, tafuta video ya Danny MacAskill ya 2009. Wakati huo alikuwa fundi wa baiskeli Edinburgh, Scotland, na humo anapita juu ya ua wa chuma wenye ncha kana kwamba ni barabara.

Sasa fikiria kazi ya breki hapo. Mtu amesimama kwa gurudumu la nyuma peke yake, juu ya jiwe, anarukaruka akitafuta usawa kabla ya kurukia jiwe la pili. Breki ya kawaida hupunguza mwendo. Breki ya traiali inafunga gurudumu kabisa, inaachia, inafunga tena, mara nyingi kwa dakika moja, na kwa nguvu ya kidole kimoja au viwili. Gurudumu likiteleza kidogo tu kwa wakati usiofaa, mgongo wako ndio utakaolipia.

Kazi hiyo ilifanywa kwa miaka mingi na breki ambayo vijana wengi leo hawajawahi hata kuisikia. Kampuni ya Magura, iliyoanzishwa na Gustav Magenwirth mwaka 1893 mjini Bad Urach, Ujerumani, ilileta breki yake ya rimu ya haidroliki mwaka 1987. Katika miaka ya 1990 ikaja HS33, na watu wa traiali wakaishika kama yao. Magura hawakuwa peke yao. Kabla yao Marekani kulikuwa na breki ya Mathauser, na baadaye kampuni za China kama Echo zikatoa za kwao kwa ajili ya traiali moja kwa moja. Lakini HS33 ndiyo iliyokuwa lugha ya mchezo.

Inafanyaje kazi? Ni rahisi mpaka unashangaa. Unabana leva, pistoni ndogo ndani yake inasukuma mafuta kwenye paipu, na yale mafuta yanasukuma pistoni mbili zilizokaa pande mbili za rimu. Kila pistoni ina pedi. Presha ndani ya kiowevu kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote, jambo ambalo Blaise Pascal alilieleza katika karne ya 17. Hakuna waya wa kukwaruzana na ganda lake, hakuna kutu ndani ya kebo. Hakuna hata tangi la akiba la mafuta. Pedi zikilika, unazungusha kidude chekundu kwenye leva na zinasogea karibu na rimu. Basi.

Na hapa ndipo wale wa "si kuna diski" wanapaswa kunyamaza kidogo wasikilize hesabu. Rimu ya gurudumu la inchi 26 ina kipenyo cha milimita 559 pale tairi linapokaa, na pedi hubana chini kidogo ya hapo. Diski ya kawaida ina milimita 160. Anayebana mbali na kitovu anahitaji nguvu kidogo kuliko anayebana karibu nacho, ndiyo sababu mlango unausukuma penye kitasa, husukumi penye bawaba. Ili kushika gurudumu lile lile, diski inabidi ibane kwa nguvu zaidi ya mara 3. Tena nguvu ya diski inapita kwenye kitovu, halafu kwenye spoku, ndipo ifike kwa tairi, na spoku hunyumbuka kidogo. Pedi ya rimu imeshika pale pale, jirani na tairi. Mtu wa traiali alikuwa anausikia mnyumbuko huo miguuni. Kwake hilo halikuwa jambo dogo.

Enyewe, ilikuwa na matatizo, na sitayaficha. Silinda zile zilisukuma fremu nje kwa nguvu mpaka ikabidi kufunga chuma chenye umbo la kwato ya farasi kuzizuia. Rimu ikipinda, breki inapoteza utamu wake. Ili pedi zishike, watu walichukua grainda, ile ile ya kukatia vyuma, wakachora mistari midogo midogo ubavuni mwa rimu. Mistari ilishika vizuri sana, lakini ilikula pedi, na baada ya muda ilisuguliwa ikaisha na ikabidi uchore tena. Wengine hawakutaka grainda, wakasugua kipande cha lami kwenye rimu laini. Wengine walimwaga mafuta ya kampuni, yale ya buluu yanayoitwa Royal Blood, wakajaza maji, kwa sababu maji ni mepesi na leva inarudi haraka. Kelele nayo? Manze, breki ya traiali iliyochorwa vizuri ilipiga mayowe ya kusikika mtaa wa pili.

Angalia lakini haya yote yanamaanisha nini. Grainda, lami na maji ni maarifa yaliyotoka kwa watumiaji, yakapitishwa kwa mdomo, mtu kwa mtu. Wahandisi waliunda kifaa kizuri, halafu vijana wenye magoti yaliyochubuka wakakimalizia.

Sasa, kilikufaje? Wengi hufikiri kulikuwa na siku ambapo diski na rimu zilipimwa zikiwa kando kwa kando, rimu ikashindwa, ikazikwa. Sivyo. Kifo cha breki huanzia kwa fremu. Soko kubwa la baiskeli za milimani lilipohamia diski, na kule kwenye matope diski ilistahili, watengenezaji wa fremu waliacha kuchomelea vishikizo vya breki ya rimu. Watengenezaji wa rimu wakaacha kutengeneza ubavu ulionyooka wa kubanwa na pedi. Baada ya hapo hata ukiwa na breki bora zaidi duniani, huna pa kuifunga. Watu wa traiali ni wachache, na soko haliwasubiri wachache. Wengi wao wakahama, wengine kwa furaha, wengine kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Kumwita huyu wa mwisho shahidi wa ubora wa diski ni kama kusema unapenda kutembea kwa sababu matatu za mtaani kwenu zimegoma.

Ndiyo maana wakati watu wazima wanakaa wakikumbushana leva za zamani, kwamba ile ya vidole vinne ilikuwa hivi na ile iliyofuata ilikuwa vile, mimi sicheki. Ukiwasikiliza juujuu utadhani ni wazee wa vijiweni wanaokumbuka mechi za zamani. Ukisikiliza vizuri utagundua wanatunza faili ambayo hakuna ofisi inayoitunza: pedi ipi inaingia wapi, sili ipi inafanana na ipi, skrubu ipi ikikazwa sana inapasua nini.

Na hapo ndipo stori hii inatufikia. Sisi tunaishi katikati ya vitu ambavyo waliovitengeneza wameshavisahau. Sheria yetu inakataa gari lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini, maana yake gari lenye miaka 7 ni karibu jipya kwetu. Baiskeli nyingi nzuri unazoziona mjini zilizeekea Ulaya kwanza, zikaja kwa kontena. Mjerumani aliiuza baiskeli yake ya safari kwa sababu breki imekuwa laini na duka la kwao halina tena kipuri. Ikitua hapa, shida ile ile imetua nayo, na fundi wa hapa haijui historia yake.

Acha nitoe mfano mmoja ambao si wa kubuni hatari. Breki za Magura hutumia mafuta ya madini. Breki za gari hutumia mafuta ya DOT. Zote unaweza kuziita "mafuta ya breki" na hakuna atakayekusahihisha. Fundi mwenye chupa ya DOT mkononi, aliyeblidi breki za magari maisha yake yote, ana kila sababu ya kuimimina ndani. Lakini sili zilizotengenezewa mafuta ya madini huvimba na kuharibika zikikutana na DOT. Siku ya kwanza breki itashika. Baadaye itaanza kuvuja au kukwama, na hatakuwa mezani pa fundi wakati huo. Atakuwa mtu fulani kwenye mteremko. Ujinga wa fundi hauhusiki hapa. Sentensi moja ya maarifa ilikatika njiani kati ya Bad Urach na Kirinyaga Road.

Kwa hivyo mtu akiniambia kukumbuka breki za kale ni mchezo wa wasio na kazi, namuuliza: nani atakayeibeba hiyo sentensi? Kampuni imeshahamia bidhaa mpya. Duka linauza kilichopo. Wanaobaki ni wale wanaokumbuka, na wale wanaoandika wanachokumbuka.

Wazungu wenyewe wameanza kuliona tatizo. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kukarabati. Orodha yake ina mashine za kufulia, friji, simu na vingine kadhaa, lakini leva ya breki ya baiskeli haimo. Hata ingekuwemo, sheria ile inamlinda mnunuzi wa kule. Mnunuzi wa tatu, aliyeko Gikomba, hayuko kwenye mawazo ya mtu.

Ninachodai ni kidogo. Siombi kampuni irudi kutengeneza HS33 ya 1998. Nadai kwamba siku kampuni inapoacha kutengeneza kipuri, iweke wazi michoro yake: kipenyo cha pistoni, ukubwa wa sili, aina ya nyuzi za skrubu, aina ya mafuta. Ukurasa mmoja unatosha. Fundi wa kukereza vyuma kule Kamukunji akipewa vipimo vinne vya kweli, anaweza kufufua kitu ambacho kiwanda kimekitangaza maiti.

Najua jibu lao: breki ni suala la usalama, hatuwezi kumwachia kila mtu. Sawa. Lakini watu wanazikarabati tayari, sasa hivi unaposoma haya, kwa kukisia. Anayeficha kipimo hazuii ukarabati. Anahakikisha tu kwamba utafanywa gizani. Kama usalama ndio unaowauma kweli, basi siri ndiyo ingekuwa ya kwanza kutupwa.

Na kwetu sisi tulio huku, tuache tabia ya kuimba wimbo wa washindi. Kijana anayeanza ufundi leo anafundishwa jina la kitu kipya kila mwaka na hafundishwi kwa nini cha jana kilifanya kazi. Halafu kinaletwa cha jana mezani, kwa sababu huku cha jana ndicho kinacholetwa, na mikono yake haina la kufanya. Ukimjua fundi mwenye nywele nyeupe anayejua kitu ambacho hakiuzwi tena, kaa naye jioni moja na simu yako. Mrekodi akikifungua. Mwulize mafuta gani, sili gani, alikosea wapi mara ya kwanza. Iweke mahali wengine wataipata, kwa Kiswahili, na vipimo kwa milimita.