Fedha za Hiari, Kazi ya Kudumu

Apitaye Issuna, wilayani Ikungi, kwenye lami itokayo Manyoni kwenda Singida, hatakuta kibao cha Shirika la Kazi Duniani (ILO). Atakuta mashamba ya alizeti na mtama, na mabasi ya Dar es Salaam yakipita kwa kasi. Lakini katika mabasi kama hayo wasichana wa vijiji vya Singida wamepanda miaka nenda miaka rudi kwenda mijini kuwa mahausigeli, wengine kabla ya kutimiza miaka 14, umri wa chini wa kuajiriwa kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mvua ikikata mapema na ghala likawa tupu, safari hizo huongezeka. Kuwalinda wasichana hao ni kazi ya kila mwaka, na ndiyo maana inafaa kuuliza inagharimiwa na fedha za namna gani.

ILO ina mifuko zaidi ya mmoja. Bajeti yake ya kawaida hutokana na ada za nchi wanachama, kila moja kwa kadiri ya uchumi wake: Marekani hupangiwa asilimia 22, Tanzania, mwanachama tangu 1962, sehemu ndogo mno ya asilimia moja. Fedha hizo huendesha mikutano, mikataba na watumishi, na kazi kubwa ya vijijini huachiwa hiari. Hiari nayo ina sura mbili. Ya kwanza ni mradi: mfadhili anachagua nchi, mada na tarehe ya kumaliza. Ya pili ni akaunti ya nyongeza ya bajeti ya kawaida, iliyoanza 2008, ambamo wafadhili kama Ubelgiji, Norway na Sweden huweka fedha bila masharti mengi, shirika likazipeleka kwenye pengo. Naitetea hii ya pili, na sitaki tuishie hapo.

Tanzania imeonja mradi, utamu wake na uchungu wake. Mwaka 2001 ilikuwa miongoni mwa nchi tatu za kwanza, pamoja na El Salvador na Nepal, kuanzisha mpango wenye muda maalumu wa kutokomeza ajira mbaya kwa watoto, ukisaidiwa na Wizara ya Kazi ya Marekani. Wizara hiyohiyo, Machi 2025, ilifuta misaada yake ya kazi za nje. Wananchi wetu wanaijua hali hii kwa boma la darasa: kijiji kinachanga, kuta zinapanda hadi kwenye linta, kisha mabati hayaji, na mvua mbili tatu zinaanza kulamba matofali. Mfadhili mwingine ana hatari tofauti. Kampuni za tumbaku zililipia miradi ya ILO dhidi ya ajira ya watoto mpaka baraza lake la uongozi likaanza kubishana kama ni halali, na mikataba ya ufadhili huo ikaachwa ifike mwisho 2018. Fedha zilikuwa na manufaa, sikatai. Ila anayenunua tumbaku kwa bei inayomlazimu mkulima kumwingiza mwanawe shambani si mtu wa kuachiwa kuamua mradi uanzie wapi.

Watasema mlipa kodi wa Oslo ana haki ya kuona shilingi yake imefanya nini. Anayo, na ripoti atapewa. Kusoma hesabu na kushika usukani ni mambo mawili. Hoja nzito zaidi, dhidi ya kupandisha ada, ni kwamba bajeti ya kawaida huliwa na mishahara ya makao makuu ya ILO, Geneva. Kuna ukweli humo, na dawa yake ni kubanana ndani ya baraza la uongozi, ambako vyama vya wafanyakazi na waajiri wana viti pamoja na serikali. Mradi haudhibitiwi hivyo. Tena akaunti ya nyongeza nayo imesimama juu ya mabega ya nchi chache za Ulaya; uchaguzi mmoja kule unatosha kuipunguza. Kwa hiyo Tanzania ipiganie ada ipande, ya kwake ikiwemo, hata kama ongezeko lake litakuwa dogo kiasi cha kuchekesha. Na isidai Geneva kile inachokinyima Singida: chini ya sheria za 2004, mwenye mamlaka ya kukagua mahali pa kazi ni afisa kazi, na afisa huyo hukaa mkoani, na eneo lake linaanzia Mkalama likafika Itigi. Issuna imo katikati, na basi la alfajiri halimsubiri.