Mshipa wa Mkono kwa Ajili ya Moyo

Binti mmoja ametuletea swali. Baba yake atapasuliwa moyo, na tabibu amesema atatoa mshipa katika mkono wa kushoto aupandikize moyoni, damu ipate njia ya kupitia pale palipoziba. Wazee wa nyumba wamekataa: mkono utapooza, tena mwili ni amana, haukatwi hapa ukatiwe kule.

Mwili ni amana, naam, na kuitunza amana ni pamoja na kuitibu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1988, liliamua kuwa yajuzu kuhamisha sehemu ya mwili wa mtu na kuitia mahali pengine katika mwili huo huo, madhali manufaa yanayotarajiwa yanazidi madhara. Na tuseme wazi: idhini ni ya baba mwenyewe, maadamu ana akili timamu. Wazee wana haki ya kushauri.

Ama khofu ya kupooza, kiganja hupata damu kwa mishipa miwili, mmoja upande wa gumba na mmoja upande wa kidole cha mwisho, nayo hukutana ndani ya kiganja. Tabibu huibana yote miwili hadi kiganja kiwe cheupe, kisha huuachia ule wa kidole cha mwisho. Wekundu ukirudi upesi, ule wa gumba waweza kutolewa, ukichelewa, huachwa. Baadhi ya wagonjwa hubaki na ganzi karibu na gumba, na aghalabu hupungua.

Alain Carpentier wa Paris aliujaribu mshipa huu mwanzoni mwa miaka ya 1970, akauacha kwa kuwa ulijikaza na kuziba. Miaka mingi baadaye baadhi ya wagonjwa wale walichunguzwa, mishipa yao ikakutwa ingali wazi. Mwaka 1992 Christophe Acar na wenzake wakautangaza upya, safari hii pamoja na dawa za kuulegeza. Mshipa wa mguuni, uliozoeleka zaidi, haukuumbwa kubeba msukumo mkubwa wa damu, na miaka ikipita mingi huziba. Utafiti wa mwaka 2018, uliojumlisha wagonjwa 1,036, ulionyesha kuwa kwa muda wa miaka 5 waliotiwa wa mkono walipatwa na madhara ya moyo machache kuliko waliotiwa wa mguuni.

Lipo swali ambalo binti asiache kumwuliza tabibu: mafigo ya baba yakoje? Atakayehitaji kusafishwa damu kwa mashine huenda akaihitaji mishipa ya mkono huo huo. Nyumba zenye kisukari, nazo ni nyingi kwetu, zilizingatie hili.

Kidonda kitakuwa mahali pa udhu. Aoshe palipo pazima, apanguse juu ya bandeji kwa maji, na kwa madhehebu yetu ya Kishafi atayamamu kwa ajili ya sehemu iliyojeruhiwa. Na mfupa wa kifua ukiwa haujaunga, asijiegemeze kwa mikono kwenda sijida. Aswali ameketi, arukuu na kusujudu kwa ishara.