Mwalimu Aliyekuwa Fundi



Kabla ya kushika chaki nilikuwa fundi umeme kwa miaka 11. Nilipotoka chuo cha ualimu nikapewa Fizikia ya Kidato cha Tatu, nilidhani kazi itakuwa nyepesi, kwani umeme naujua. Kumbe kujua ni jambo moja na kufundisha ni jambo jingine. Muhula mzima niliandika kanuni ubaoni, wanafunzi wakanakili, wala hawakuelewa. Ufundi wangu niliuacha mlangoni, maana niliona haya kuonekana fundi mbele ya wenye shahada. Nilikaribia kurudi kwenye nyaya zangu.

Aliyenisaidia ni mwalimu mmoja wa siku nyingi. Alikuja akakaa nyuma ya darasa, kisha akaniuliza, "Mwalimu, wewe mwenyewe ulilielewaje jambo hili huko kazini?" Nikamjibu: kwa kuona waya ulioungua. Akasema, "Basi waanzishie hapo."

Kesho yake nilileta pasi ya wati 1,150. Tukagawa kwa volti 230, tukapata ampea 5. Nikauliza: pasi tatu katika ekstensheni moja ya bwenini je? Ampea 15, na fyuzi ya plagi yake ni ya ampea 13 tu. Na mtu akitoa fyuzi akaweka kipande cha waya? Darasa likanyamaza kimya. Jioni ile plagi ya namna hiyo ililetwa mezani kwangu, na wenyewe waliileta.

Tangu Januari 2024 baadhi ya shule za sekondari nchini Tanzania zimeanza mtaala wenye mkondo wa amali. Walimu waliotoka karakana, mashamba na zahanati watahitajika sana. Maoni yangu ni kwamba wasiachwe peke yao. Kila mmoja apewe mwalimu mzoefu wa kumtazama na kumshauri mwaka wa kwanza, na ratiba impe vipindi viwili mfululizo vya vitendo. Wazazi nao wasimdharau mwalimu kwa sababu jana alikuwa fundi. Na sisi wageni tukubali kufundishwa, maana ujuzi usiopangwa kuwa somo haumfai mwanafunzi.

Asiyekubaliana nami na aandike muhula ujao.