Fundi, Pima Kwanza Ndipo Upige Windows

Katika steshenari nyingi za Kahama, Katoro na Geita mjini, kompyuta ikianza kuchelewa kuwaka hupewa dawa moja tu: "Piga Windows upya." Mteja analipa, mafaili yake yanafutika, na baada ya muda mfupi mashine inarudia uzito uleule. Desturi hii ikome. Fundi apime kwanza, amwonyeshe mteja tatizo lilipo, ndipo aguse programu.

Mchimbaji wa Nyarugusu hupima sampuli ya mwamba kabla ya kupeleka viroba vya mawe kwenye karasha. Fundi kompyuta naye ana vipimo vyake, na cha kwanza kinahitaji saa tu. Muda unapotea kabla ya nembo ya Windows kutokea, au baada yake?

Ukipotea kabla, Windows haijaanza hata kusomwa, na kuipiga upya ni kumlipisha mtu bure. Kwa kompyuta za kuunga, ambazo kesi imetoka huku na mazabodi kule, sababu nyingi hukaa hapa: ramu iliyolegea au yenye vumbi kwenye meno yake, flashi iliyosahaulika, au mpangilio wa BIOS unaotafuta mtandao kabla ya diski. Tarehe ikirudi nyuma kila umeme unapokatika, betri ndogo ya CR2032 imechoka. Ikiwa nzima ina volti 3. Ikiisha, mazabodi husahau mipangilio yake. Na mwenye mazabodi mpya ya DDR5 asiizime kwa hofu mara ya kwanza inapochelewa: inazipima ramu, na kazi hiyo yaweza kuchukua dakika kadhaa.

Muda ukipotea baada ya nembo, anza na diski. Diski ya kuzunguka, hata ile ya mizunguko 7,200 kwa dakika, hutumia takriban milisekunde 10 kila inapotafuta faili, na Windows inapowaka husoma mafaili madogo kwa maelfu. SSD hujibu chini ya milisekunde 1. Ndiyo maana kubadilisha kifaa hiki kimoja huleta nafuu ambayo Windows mpya haiwezi kuleta.

CrystalDiskInfo, programu ya bure, huonyesha afya ya diski papo hapo. Ikionyesha diski inakufa, nakili mafaili ya mteja kabla ya jambo lingine lolote. Kupiga Windows juu ya diski ya namna hiyo ni kuikamua nguvu zake za mwisho na kufuta kilichobaki. Diski ikiwa nzima, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua orodha ya programu zinazojiwasha, uzime zisizo na kazi.

Haya si mambo madogo. Migodi mikubwa kama GGM na Bulyanhulu ina wataalamu wake wa TEHAMA. Mwenye steshenari ya Katoro ana fundi wa mtaani tu, na kwenye diski yake kuna barua za maombi ya kazi, vyeti vya wanafunzi wanaoomba mkopo na hesabu za duka. Mafaili hayo yakifutwa kwa kubahatisha, hasara haimwishii yeye peke yake.

Hatari imeongezeka tangu Microsoft ilipositisha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Wengi sasa wanashawishiwa kuhamia Windows 11. Kuipakia kwenye diski ya zamani inayozunguka, bila kupima chochote, ni kuongeza mzigo juu ya uchovu.

Tunavitaka vyuo vya VETA vifundishe upimaji kabla ya upakiaji, na vimtahini mwanafunzi kwa kutafuta chanzo cha tatizo. Mafundi wetu watoze ada ya kupima waziwazi, kwa sababu kupima ni kazi na inastahili malipo. Mteja naye, kabla ya kutoa hela, aulize mambo mawili: umepima nini, na mafaili yangu umeyanakili wapi? Fundi asiyeweza kujibu asikabidhiwe mashine.