Ardhi na Amri Ndani ya Hamira

Hamira inayoumua mandazi ya Buyenzi kila alfajiri imekuwa kwa miaka mingi sababu ya mabishano makali ya wataalamu, nasi twaona kwamba mabishano hayo yawahusu askari na polisi wetu kuliko wanavyodhani.

Katika kila chembe ya hamira mna uzi wa DNA wenye herufi zipatazo milioni 12, uliosomwa wote mwaka 1996. Uzi huo hauachwi ovyo. Herufi 147 hivi hujizungusha, mara moja na theluthi mbili, juu ya donge la protini nane ziitwazo histoni. Fundo hilo ndilo nukleosomu. Palipofungwa hapasomeki kwa urahisi, palipo wazi husomeka. Kwa hiyo mahali pa fundo ni jambo zito, kama mahali pa kizuizi barabarani.

Nani basi apangaye? Mwaka 2006 Eran Segal, Jonathan Widom na wenzao walitangaza kwamba mpangilio wa herufi wenyewe waeleza karibu nusu ya mafundo. Kweli, mfululizo mrefu wa herufi A ni mgumu kupinda, na mafundo huukwepa. Lakini mwaka 2009 maabara ya Kevin Struhl ilionyesha kwamba DNA na histoni zikiachwa peke yake chupani hazirudishi safu ile ya hamira iliyo hai. Mwaka 2011 wataalamu wengine walitia chupani utomvu wa hamira pamoja na ATP, ambayo ndiyo nguvu ya chembe, na safu ikarudi kwa sehemu kubwa. Ofisa yeyote ataelewa: kilima hushauri pa kuweka kituo, bonde hukataa, lakini kikosi husogea kwa amri na kwa chakula.

Hatusemi mtu ni hamira. Twasema tu kwamba, hata katika kiumbe kidogo hivyo, maandishi ya urithi hayatawali peke yake. Nchi hii, mwaka 1972 na tena mwaka 1993, ilizika watu waliouawa kwa kudhaniwa kwamba asili yao yatosha kueleza watakalotenda. DNA yaweza kumwambia polisi tone la damu ni la nani. Nia ya mwenye damu haimo humo.

Twaomba somo hili lifundishwe vyuoni kwa kila polisi na askari, kabla hajakabidhiwa kielelezo cha kwanza cha damu.