Mafua yasiyokwisha Lucky Summer yaweza kuwa mlango wa pumu

MTOTO anayepiga chafya asubuhi hadi jioni wakati mvua zinapopungua na nyasi kuchanua hudhaniwa na wengi kuwa na mafua ya kawaida. Katika mtaa wa Lucky Summer, eneobunge la Ruaraka jijini Nairobi, dhana hiyo yaweza kumgharimu pumzi.

Pua na mapafu ni njia moja ya hewa. Kwa mtu mwenye mzio, yaani aleji, mwili huiona chavua, ule unga mwepesi wa maua, kama adui. Chavua ya nyasi hupeperushwa na upepo na kuifanya pua iwashe, ivimbe na kutiririka kamasi. Hali hiyo ikidumu, mirija ya mapafu nayo huweza kuvimba na kubana.

Si kila mwenye mzio wa pua hupatwa na pumu, lakini yumo hatarini kuliko asiye nao. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa ARIA, ulioandaliwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani (WHO) na kuchapishwa mwaka 2001, ulipendekeza wenye mzio wa pua wa muda mrefu wachunguzwe pumu pia.

Hata hivyo, maua pekee hayatoshi kueleza tatizo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwapima wanafunzi baada ya mazoezi na kubaini kuwa mirija ya hewa ilibana kwa asilimia 22.9 ya watoto wa mjini Nairobi, ikilinganishwa na asilimia 13.2 ya wale wa mashambani Murang'a. Lau chavua ingekuwa chanzo pekee, Murang'a yenye mimea tele ingeongoza.

Kinachozidi mjini ni moshi, ambao hukwaruza utando wa njia ya hewa na kuuzidishia mwili ukali dhidi ya chavua. Lucky Summer inapakana na eneo la jaa la taka la Dandora. Mnamo 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi karibu na jaa hilo. Takriban nusu yao walikuwa na maradhi ya kupumua. Julai 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa lihamishwe katika muda wa miezi sita. Muda huo ulipita bila agizo kutekelezwa.

Hatari kubwa zaidi ni ugonjwa kutotambuliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa watoto wa mtaa wa mabanda wa Mukuru walikuwa na dalili nyingi za kubanwa kifua kuliko wenzao wa Buruburu. Lakini waliokuwa wameambiwa na daktari kwamba wana pumu walikuwa asilimia 1.2 Mukuru na asilimia 2.8 Buruburu. Mwenye dalili nyingi ndiye aliyekosa jina la ugonjwa wake, na bila jina hakuna tiba.

Kwa mzazi wa Lucky Summer, mafua yanayorejea kila msimu bila homa, yakiandamana na macho kuwasha na kikohozi cha usiku, ni sababu tosha ya kumpeleka mtoto kliniki achunguzwe pua na kifua. Serikali ya kaunti nayo ina wajibu wa kuzima moshi ambao mzazi hawezi kuuzuia mlangoni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.