Muhogo Mchungu Hautupwi

Wapo wenzetu wadaio kwamba sinema za vichekesho za zamani ni upuuzi usiostahili kuingia darasani. Wapo pia wakusanyaji wazitafutao kwa udi na uvumba kwa sababu tu hazijulikani. Wakizipata huzifungia kabatini, fahari yao ikiwa kumiliki alichokosa mwingine. Makundi yote mawili tunayapinga.

Tuchukue Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili iliyotengenezwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mtu wa shamba aingia mjini, wajanja wakamponza. Mchezaji mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, ndiye yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Tuchukue pia Matamata na Pilipili, wachekeshaji wa Kongo waliopigwa picha huko Kasai katika miaka hiyo hiyo na padri Mbelgiji, Albert Van Haelst, wakafananishwa na Laurel na Hardy. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuwataja mbele ya wanafunzi?

Tutajibiwa kwamba hizo ni kazi za enzi ya ukoloni, zilizomfunza Mwafrika kwa kumcheka. Ni kweli. Lakini na tuwatazame wakazi wa Nchelenge, ufuoni mwa Ziwa Mweru. Chakula chao kikuu ni muhogo, na ulio mchungu una sumu. Je, huutupa? La hasha! Huuloweka siku kadhaa, wakaukausha na kuutwanga, ndipo wakasonga ubwali, ambao ndio ugali wao.

Kuloweka ndiyo kazi ya mwalimu. Nani amcheka nani? Kwa nini mshamba ndiye afanywe mjinga? Neno lipi lilichekesha zamani, na je, lachekesha leo? Maswali hayo huitoa sumu na kuibakiza lugha.

Nchelenge kwenyewe, ambako Kibemba hutawala, Kiswahili huvuka ziwa pamoja na wachuuzi wa Kongo, na tangu mwaka 2018 husikika katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Ajifunzaye huko hukikuta sokoni kikitania na kubishana. Akifungua kitabu, hukikuta kikitoa nasaha tu. Tusistaajabu akikiona kitabu ni cha lugha nyingine.

Basi mwenye nakala ya filamu ya namna hii na airuhusu inakiliwe, nasi walimu tuionyeshe, tuijadili na kuyaandika mazungumzo yake. Kichekesho hakihifadhiwi kwa kufuli.